Daftari la Wagonjwa

Kila Jumapili, saa nne na dakika kidogo, jina langu husomwa, mtaa mzima wa Mwakingali ukasikia. Kanisa letu lilileta spika mpya, zile ndefu zinazowekwa mlangoni zikielekezwa nje, na kutoka kitandani kwangu nasikia kila kitu: kwaya, matangazo, hata mchungaji anapokohoa. Katibu anasoma jina langu, anatulia, na watu wote wanaitikia kwa pamoja, "Bwana, umkumbuke." Kisha anasoma la anayefuata.

Leo imekuwa Jumapili ya tisa. Niliteleza kwenye ngazi ya jikoni nikiwa na ndoo, siku ambayo mifereji ya Voi iliamua kutoa maji baada ya wiki mbili kavu, nikavunjika nyonga. Nilitiwa vyuma hospitalini, nikarudishwa nyumbani, na tangu hapo nalala chali nikitazama dari. Mpwa wangu ninayeishi naye hunipikia na kuniogesha kabla ya kwenda dukani anakofanya kazi. Jumapili yeye huimba kwaya, kwa hiyo naye yumo kati ya wale wanaosema Bwana, umkumbuke. Bwana amenikumbuka, sikatai. Mfupa unashika na chakula kinapita. Ila ukimwondoa mpwa wangu, katika hao wote wanaomwomba anikumbuke, hakuna hata mmoja aliyevuka kizingiti hiki. Kutoka kanisani hadi kwangu ni mwendo wa dakika saba. Naujua vizuri, nimeutembea miaka yote niliyokuwa katibu.

Nimekasirika. Nasema wazi nisije nikaonekana mtakatifu kwa sababu tu nimelala. Nakasirika asubuhi, nakasirika jioni, na kinachonikera zaidi ni kwamba hasira yenyewe haina pa kwenda, maana utaratibu huu wa kusoma majina niliuanzisha mimi.

Zamani haikuwa hivyo. Ulipofika wakati wa kuwaombea wagonjwa, kila mtu alisimama alipokuwa ameketi akasema lake. Mmoja anaanza na homa ya mtoto, anaishia kwa mgogoro wa shamba kule milimani na shemeji aliyemtazama vibaya. Mwingine analia. Ibada inafika saa saba na watu wana njaa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na tatu, na fujo siiwezi. Nilipochaguliwa kuwa katibu nikanunua daftari lenye jalada gumu, nikalipigia mistari kwa rula, nikaweka sheria. Jina liletwe na kiongozi wa jumuiya kabla ya Ijumaa. Lisomwe kila Jumapili, watu waitikie. Na jina halitoki daftarini mpaka mgonjwa mwenyewe aje mbele ya kanisa atoe shukrani, au azikwe. Hiyo ya mwisho niliiweka kwa sababu watu wetu wana tabia ya kuombewa, wakapona, wakanyamaza, na mimi niliona ni utovu wa adabu mbele za Mungu.

Ibada ikawa inaisha saa sita kasoro. Makanisa mengine yalituma watu kuuliza tunafanyaje. Nilijisikia vizuri sana. Nikisimama pale mbele na miwani yangu, nikayasoma majina kwa sauti yangu ya darasani, kanisa zima lilitulia kama watoto wanapoitwa rejista.

Halafu akaletwa mchungaji mpya.

Alitoka upande wa Taveta, mtoto wa wakulima wa Mboghoni, na alishuka garini akiwa na mkungu wa ndizi begani na begi moja. Wazee wa kanisa waliokuja kumpokea walikuwa wamevaa suti. Yeye alikuwa mwembamba, sauti ndogo, suruali imepauka magotini. Mzee mmoja alininong'oneza, "Ni huyu ama huyu ni dereva?" Nilimkanya, lakini nilicheka.

Jumapili yake ya kwanza aliisikiliza orodha mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Yalikuwa majina thelathini na moja. Baada ya ibada akanifuata ofisini akaomba daftari. Nilidhani anataka kunisifu.

"Nitalirudisha, Mwalimu," akasema. "Nataka tu kuwajua watu."

Alikaa nalo wiki tatu. Wiki tatu nilisoma majina kutoka kwenye karatasi niliyoiandika kwa kukumbuka, nikiwa nimenuna. Aliporudisha, nikalifungua, damu ikanipanda kichwani. Alikuwa ameandika ndani ya daftari langu. Pembeni, kwa penseli, nje ya mistari.

Mbele ya jina la fundi baiskeli mmoja: amepona tangu mwaka jana, haji kutoa shukrani kwa kuwa anaona haya kusimama mbele za watu na nguo zake za kazi. Mbele ya jina la mama mmoja: amehamia kwa mwanawe Mwatate. Mbele ya jina la baba mmoja: mgonjwa ni mke, aliyeandikwa ni mume. Na mbele ya jina la mzee aliyekuwa mlinzi katika shamba la mkonge, mzee tuliyekuwa tukimwombea uponyaji kwa bidii kweli kweli: alifariki, akazikwa na kanisa la jirani yake, miezi minane iliyopita.

Miezi minane. Kila Jumapili nilisimama nikasoma jina la marehemu, na watu mia mbili wakamwomba Mungu amwinue kitandani. Kiongozi wa jumuiya yake alikuwa ameshaleta jina, na kiongozi akishaleta jina kazi yake imekwisha. Sheria yangu ilisema jina litoke mtu akizikwa. Haikusema nani aende kuangalia kama amezikwa.

Niliona aibu, ndiyo, kwa muda wa kama dakika mbili. Baada ya hapo nikaona kwamba mtu mgeni amechafua daftari langu kwa penseli, nikatafuta kifutio. Nilifuta ukurasa mzima wa kwanza. Nikaacha kwenye wa pili kwa sababu karatasi ilianza kuchanika.

Jumapili iliyofuata, nilipoinuka na miwani yangu, alinizuia kwa mkono. "Leo hatutasoma," akaliambia kanisa kwa ile sauti yake ndogo. "Majina anayo Mwalimu. Baada ya ibada kila mmoja amwone, achukue jina moja la mtu wa karibu na kwake, aende akamsalimie. Jumapili ijayo mtatuambia mmemkutaje." Akaketi. Mimi nikabaki nimesimama, miwani puani, daftari mkononi, sina la kufanya.

Baada ya ibada walikuja watu wanne. Wengine waliondokea mlango wa pembeni, ule wa upande wa choo.

Katika hao wanne, mmoja tu ndiye aliyesimama Jumapili ya pili, mwanamume mzito wa maneno anayefanya kazi gereji. Alisema alimkuta jirani yake hana kitanda, analala kwenye magunia, naye hakuwahi kujua ingawa ukuta wao ni mmoja. Akasema amempelekea kitanda. Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hatukujua jambo kama hilo linaitikiwaje.

Mnong'ono ukaanza. Kwamba mchungaji hawaombei wagonjwa. Mama mmoja alinijia na uchungu wa kweli, akasema jina la mumewe halijasomwa wiki ya tatu sasa, na majirani watadhani ametengwa na ushirika. Nilimwelewa kabisa. Watu walikuwa wamezoea kusomwa, na kusomwa kwenyewe ndiko kulikokuwa huduma. Ukisomwa unajua kanisa halijakusahau, na kanisa likishasoma linajua halijakusahau, na kila mtu anaenda nyumbani kula.

Kisha ikaja shida ya ofisi. Kanisa letu lina ofisi yenye feni na kiti kinachozunguka, na mchungaji wetu kile kiti hakukikalia. Watu walikuja na fomu zao za kutiwa muhuri, za ubatizo, za shule, za kazi, wakakuta kufuli. Ukimpigia simu, yuko Ndara kwa mtu aliyeharibiwa shamba na ndovu. Kesho yake yuko kwenye kambi ya wakata mkonge. Keshokutwa simu haipatikani kabisa. Aliyekuja na fomu ananijia mimi, kwa sababu nyumba yangu iko karibu, na mimi ndiye ninayesimama mlangoni nikimtetea mtu ambaye hata sijui yuko wapi.

"Mchungaji, watu wanakutafuta," nilimwambia siku moja.

"Hata mimi nawatafuta, Mwalimu," akajibu.

Nilitaka kumrushia muhuri.

Kilichowachosha wazee wa baraza la kanisa ni mazishi ya mzee mmoja mwenye jina kubwa hapa mjini. Hema zilijaa, wanasiasa wakafika na magari yao, wenye vyombo wakapima maikrofoni mara kumi, na mchungaji wa kuongoza ibada hayuko. Alifika dakika arobaini baadaye nyuma ya bodaboda, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na kanzu yake imekunjwa ndani ya kikapu. Alikuwa ameketi na mwanamke aliyekuwa akikata roho, na akaieleza familia kwamba hakuweza kumwomba aharakishe. Alisema hivyo hivyo, mbele ya mjane na waheshimiwa. Nilikuwa nimekaa safu ya pili na nilitamani ardhi inimeze.

Wazee wakaanza kukutana bila yeye. Nami nikawa naitwa, kwa sababu katibu ndiye anayeandika.

Katika siku hizo hizo ndipo aliponitaka niende naye mahali. Jina la kwanza kabisa katika daftari lilikuwa la bibi mmoja aliyenifundisha katekisimu nikiwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa akiishi kwa mjukuu wake, njia ya Sagalla, na alikuwa amelala karibu miaka miwili. Kila Jumapili nilikuwa naanza na yeye, na kila nilipolisoma jina lake nilihisi nimempa heshima yake. Tangu augue sikuwa nimemwona.

"Anakuulizia," mchungaji akaniambia. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika nikasema wiki ijayo. Mara ya tatu alikuja mpaka mlangoni kwangu na bodaboda mbili, majirani wakitazama, nikapanda kwa hasira.

Nilikwenda nikiwa na nia ya kuona ni nini hasa kinachomkalisha huko kutwa, nipate la kusema barazani. Basi nilichoona ni hiki. Alipofika alichukua mtungi akaenda kuteka maji kwenye tangi la jirani, kwa sababu mjukuu alikuwa kazini na bibi hakuwa na maji ya kunywa. Akarudi, akampa. Akatoa wembe mpya mfukoni, akaomba ruhusa, akaketi sakafuni akamkata bibi kucha za miguu, ambazo zilikuwa ndefu mpaka zimejikunja. Kucha moja ilikuwa imeingia nyamani, na alipofika hapo alikwenda polepole sana, akimwongelesha habari za ndizi za Mboghoni. Baada ya hapo akanawa mikono, akafungua kikebe chake akampa mkate na divai. Sala yake haikufika dakika mbili. Kisha akakaa tu. Bibi akasinzia, akaamka, akamkuta bado amekaa.

Macho ya bibi yalikuwa yamekwisha. "Kwawuka, mao," nikamsalimu kwa Kidawida, akaipapasa hewa mpaka akaupata uso wangu.

"Ni wewe husomanga jina yangu?" akauliza.

Nikasema ndiyo, ingawa orodha ilikuwa imesimamishwa, na nakumbuka nilisema kwa fahari kidogo.

"Mjukuu ndiye aliniambia. Alisema, nyanya, kila Jumapili saa nne unaitwa kanisani. Basi saa nne ikifika mimi nasema, nipo." Akacheka, meno hana. "Si ulikuwa unasema hivyo katekisimu? Nikikuita unasema nipo. Sasa ni wewe unaniita. Nasema nipo, nipo. Na huji. Mtu ukimwita na haumwoni, si unaenda kuangalia?"

Nilimwambia kazi za kanisa ni nyingi. Hilo ndilo nililomjibu. Mchungaji alijishughulisha na kikebe chake wala hakunitazama, na hilo nalo likanichoma, kwa sababu angenitazama ningepata cha kumkasirikia.

Kwenye shuhuda zetu za kanisani, mtu akifikishwa mahali kama pale hulia, akageuka, na kesho yake ni mtu mwingine. Nimesikia shuhuda nyingi namna hiyo na nimeziandika kwenye kumbukumbu. Mimi nilirudi nyumbani nikanawa vumbi, na wiki mbili baadaye nikaandika barua.

Wazee walisema mwandiko wa Mwalimu ndio mzuri na Kiswahili chake hakina makosa. Tulikuwa tunamwomba askofu atubadilishie mchungaji. Niliandika kwamba hapatikani ofisini. Niliandika kwamba amesimamisha maombi ya wagonjwa yaliyokuwa yakifanyika kwa utaratibu mzuri. Niliandika kwamba alichelewa mazishini na kuliaibisha kanisa mbele ya wageni. Kila neno lilikuwa kweli, nilihakikisha mwenyewe, maana siwezi kutia sahihi uongo. Nilikuwa na hasira naye kwa kunipeleka mahali nikaulizwa swali lile, na hasira hiyo niliiandika kwa mistari iliyonyooka, nikaacha pambizo pande zote mbili.

Alihamishiwa Njukini, kule karibu na mpaka, kwenye mahindi na maharagwe. Alikuja kuniaga. Nilimpikia chai nikikwepa macho yake, kwa sababu mtu aliyekaa na daftari langu wiki tatu anaujua mwandiko wangu popote. Hakutaja chochote. Alimaliza chai, akaniachia ndizi, na mlangoni akasema, "Yule bibi, Mwalimu. Siku yake ni Alhamisi. Ijumaa hapendi, mjukuu hufua na nyumba inakuwa na maji."

Nilikwenda Alhamisi nne. Ya tano mvua ilinyesha. Ya sita kulikuwa na semina. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Bibi alifariki kabla ya Krismasi, nami nilisimama nikasoma wasifu wake mbele ya hema lililojaa, dakika ishirini nzima, na watu wakasema leo Mwalimu ameongea. Habari ya kucha sikuitaja.

Mchungaji tuliyeletewa ana suti za rangi nne na sauti ya kutikisa mabati. Ofisini anapatikana. Jumapili yake ya kwanza alirudisha orodha, akanishukuru hadharani kwa utaratibu wangu, nami nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Simchukii. Anahubiri vizuri, na kuna siku ananiliza hata hapa kitandani. Niliporudi kutoka hospitalini alinitumia salamu za sauti kwenye kundi la simu la kanisa, na chini yake watu wakaweka vile vikono vya maombi, vingi, mpaka nikachoka kuvipitisha kwa kidole. Lakini mchungaji akiwa wa maikrofoni, kanisa nalo linakuwa la kuitikia. Yule mwingine alikuwa anatufundisha kutembea, tukamfukuza kwa sababu miguu inachosha. Naweza kusema hayo leo kwa ufasaha mkubwa kwa sababu mguu wangu mmoja haufanyi kazi.

Wiki iliyopita nilimpigia simu katibu. Ni mwanafunzi wangu wa zamani, na daftari nilimkabidhi mimi mwenyewe nilipostaafu.

"Nitoe kwenye orodha," nikamwambia.

"Kwani umepona, Mwalimu? Bwana asifiwe!"

"Sijapona. Nataka tu uache kunisoma."

"Sasa Mwalimu, vile sheria iko, jina haitoki mpaka mtu akuje mbele atoe shukrani. Ama..."

"Ama azikwe," nikamalizia.

"Si hiyo sheria ni wewe uliandika? Iko hapa kwa jalada, na rula umepiga."

"Basi njoo wewe unione."

"Nitakuja tu, Mwalimu. Ni vile wiki hii iko na mambo mingi, kuna semina ya wamama na wageni wa askofu. Lakini tunakuombea sana. Kwani Jumapili husikii?"

Nikamwambia nasikia. Nikakata simu, nikaitupa, ikaanguka chini ya kitanda, na ikakaa huko ikilia na kunyamaza mpaka mpwa wangu aliporudi jioni. Hata kukasirika siku hizi nahitaji mtu wa kuniokotea.

Jana simu ikalia tena, na alikuwa yeye, wa Njukini. Alisema amepata habari zangu juzi kwa mama mmoja wa huko anayeleta maharagwe Voi. Akauliza mfupa unaendeleaje. Akauliza nalala upande gani, na kama mgongo umeanza kuchubuka, na kama kuna mtu wa kunigeuza mchana. Tangu nilale hapa hakuna aliyekuwa ameniuliza habari ya mgongo. Umechubuka.

"Nani wamekuja kukuona?" akauliza.

"Wengi," nikasema.

"Wengi akina nani?"

Swali hilo nimewauliza watoto maisha yangu yote. Ukitaka kumkamata anayedanganya, mwambie ataje majina. Nilifungua mdomo, nikalipita kanisa zima kichwani, benchi kwa benchi, kuanzia kwaya mpaka wale wanaokaa karibu na mlango ili watoke mapema, na sikupata hata mmoja.

"Nitakuja Alhamisi," akasema.

Nikamkataza. Nikamwambia ni mbali, utoke Njukini ufike Taveta, utoke Taveta ufike Voi, halafu urudi. Nikamwambia ana watu wake huko. Nikamwambia, kwa ukali, kwamba mimi si mshirika wake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha nikasema, kwa sababu nilikuwa nimelibeba jambo hilo muda mrefu, "Mchungaji, ile barua..."

"Askofu alinionyesha," akasema. "Pambizo zilinyooka sana, Mwalimu."

Nikacheka mpaka nyonga ikaniuma, na katikati ya kucheka nikaanza kulia, na yeye akangoja kwenye simu mpaka nikamaliza.

Leo asubuhi saa nne ikafika. Mpwa wangu alikuwa ameshakwenda kuimba. Nikasikia katibu akisafisha koo, nikasikia majina mawili ya mbele yangu, kisha langu. Bwana, umkumbuke, wakaitikia, vizuri, kwa pamoja, kama nilivyowafundisha.

"Nipo," nikasema. Nilisema kwa sauti ya darasani, ile iliyokuwa ikifika mpaka uwanjani. Nikangoja. Spika zikasoma jina la anayefuata.

Alhamisi atakuja, namjua. Mpwa wangu ameshaweka kiti karibu na kitanda. Atatoka Njukini alfajiri, na ofisi ya kanisa lake huko itakaa na kufuli kutwa nzima. Kuna mtu atafika na fomu ya kutiwa muhuri, asimame juani, apige simu, aambiwe mchungaji amekwenda Voi kumwona mwanamke mmoja ambaye hata si mshirika wake. Atakasirika, na atakuwa na haki. Kila nikimfikiria mtu huyo namwona ana kalamu mkononi. Mwandiko wake utakuwa mzuri, na kila neno atakaloandika litakuwa kweli.